Mmea mmoja, picha moja: jinsi ya kujiandaa kwa ukaazi wa msanii kwenye msitu wa joto

Msanii anapopewa nafasi ya kukaa wiki kadhaa karibu na msitu ili afanye kazi ya sanaa, hutaka kuchora kila kitu: mizizi, vipepeo, ukungu wa asubuhi. Ikifika wiki ya tatu daftari limejaa, lakini kazi haina mwelekeo. Kabla hujafunga begi, chagua mmea mmoja, na picha moja ya enzi ya ukoloni inayouonyesha mmea huohuo. Kazi yako yote itatoka hapo, katikati ya hivyo viwili.

Chukua mfano wa mchoraji Maria Sibylla Merian, aliyefika Surinam, Amerika ya Kusini, mwaka 1699 na kuchapisha kitabu chake cha wadudu na mimea mwaka 1705. Ukiitazama picha yake ya Caesalpinia pulcherrima, unaona ua linalong'aa, kiwavi na kipepeo wa usiku, basi. Ukisoma maelezo yake ndipo unakuta kwamba wanawake waliokuwa watumwa walitumia mbegu za mmea huo kutoa mimba, ili watoto wao wasizaliwe utumwani. Kwa hiyo usiagize picha bila maandishi yake. Angalia pia nani ametajwa. Mkusanyo wa William Farquhar, uliopo Singapore, una picha 477 zilizochorwa Malaka (Malaysia ya leo) na wachoraji wa Kichina mwanzoni mwa karne ya 19. Jina linalobaki ni la Farquhar, ofisa wa Uingereza. Ya wachoraji hayakuandikwa.

Andikia hifadhi ya nyaraka mapema, ukiwa na namba ya kila kitu unachotaka kukiona. Wengi huchelewa hapa, wakafika na kukuta picha iko kwa mafundi wa ukarabati au inahitaji kibali. Ndani utaruhusiwa penseli tu, si kalamu ya wino. Na usiziamini rangi za picha ya zamani kama zilivyo. Nyeupe ya risasi hugeuka kijivu au nyeusi ikikutana na gesi zenye salfa hewani, kwa hiyo petali nyeusi huenda ilikuwa nyeupe. Kijani cha mchanganyiko wa buluu na manjano ya utomvu hubaki na rangi ya buluu, kwa sababu manjano hupauka kwa mwanga. Kijani cha shaba huila karatasi: geuza ukurasa (uombe ruhusa kwanza) na utaona umbo la jani limetokea nyuma kwa rangi ya kahawia. Hilo doa linafaa kuchorwa kuliko jani lenyewe.

Msituni adui ni unyevu. Ukivuka asilimia 65 hivi, kuvu huanza kuota kwenye karatasi. Tumia karatasi ya pamba ya gramu 300 kwa mita ya mraba, uiweke kwenye kasha la plastiki linalofunga vizuri pamoja na vifuko vya silika jeli vya kunyonya unyevu na kipimo kidogo cha unyevu. Epuka rangi za maji zenye asali. Kwenye unyevu hazikauki vizuri kwenye kisahani na zinaweza kuota kuvu. Weka karatasi safi chini ya mkono, maana jasho huharibu uso wa karatasi na rangi inayofuata haishiki sawasawa. Kosa linaloharibu kazi nyingi zaidi ni kupaka tabaka la pili kabla la kwanza halijakauka. Kwenye hewa nzito, kilichokauka kwa dakika kumi nyumbani kinaweza kuchukua saa nzima, na ukiharakisha unapata madoa yenye kingo za mawimbi.

Dawa yake ni ya zamani. Mchoraji wa mimea Ferdinand Bauer, aliyeanza safari ya kuzunguka Australia mwaka 1801, alichora kwa penseli na kuandika namba za rangi juu ya mchoro, kisha akapaka rangi baadaye. Tengeneza kadi yako ya vipande 40 au 50 vya rangi, kila kimoja na namba yake. Asubuhi, kabla ua halijanyauka, pima urefu wa petali kwa milimita, chora, andika namba. Rangi zipake chumbani. Chora pia udongo, jani lililoliwa na mdudu na mti wa jirani, kwa sababu wachoraji wengi wa wakati ule waliuacha mmea peke yake kwenye karatasi nyeupe, kana kwamba haukuwa na kwao.

Usichume bila kibali cha nchi husika. Okidi zote zimo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na hata jani lililokaushwa linaweza kuzuiliwa mpakani. Waulize watu wa hapo mmea unaitwaje na unatumikaje, na kama wakikubali, andika majina yao kwenye kazi, kwa maandishi ya ukubwa uleule wa jina lako.