Kuvunja nefriti kwa nyundo

Ndugu, umeuliza kwa nini nyundo inadunda tu juu ya nefriti (aina ya jiwe la jade) wakati kwatzi, jiwe la jamii nyingine, hupasuka upesi. Kwatzi ni 7 kwenye kipimo cha Mohs, yaani kipimo cha jinsi jiwe linavyostahimili kukwaruzwa, nefriti 6 hadi 6.5, lakini nyuzinyuzi za nefriti zimesokotana na kuzuia ufa usiende mbali. Kwa hiyo nguvu peke yake haitoshi.

Lilaze jiwe juu ya chuma kizito au mwamba, si juu ya udongo wala ubao, maana hivyo humeza pigo. Lilowanishe utafute ufa: sehemu inayochelewa kukauka ndipo pa kuweka tindo. Piga karibu na ukingo, usianzie katikati. Likigoma, toboa matundu kwa mstari na ugongee kabari zamu kwa zamu.

Tafadhali usilichome moto kisha kulimwagia maji. Linaweza kulipuka, na vipande vitajaa nyufa zitakazofunguka ndani ya pipa linalozungushwa la kung'arishia mawe.

Funika jiwe kwa gunia nene, vaa miwani ya kinga na barakoa ya vumbi. Vumbi la kwatzi linaweza kuharibu mapafu kwa namna isiyopona, hata ukiwa nje.