Usimwandike kijana kwa kikapu cha mwisho

Nilikuwa nimekaa juu ya tofali pembeni ya uwanja wa saruji wa mpira wa kikapu, daftari la kusakia vipaji mapajani, jua la saa kumi linanichoma kisogo. Zimebaki sekunde mbili, timu ya kijana iko nyuma kwa pointi mbili. Akaupokea mpira hatua mbili nje ya mstari wa pointi tatu, akaurusha na mkono wa mtu uko usoni pake. Nyavu zikalia chwaa. Wenzake wakambeba juujuu, watoto wakavamia uwanja, na mimi nikaandika jina lake, nikalipigia mistari miwili chini. Pembeni nikaongeza: "Mtu wa dakika za mwisho." Alikuwa na miaka 16.

Tulimchukua. Msimu haujafika katikati, kocha mkuu akawa anamtoa kila mechi inapobana, na mimi nikawa namnunia kocha. Karibu mwaka mzima ulipita ndipo nikaipata video ya mechi ile, imepigwa kwa simu na mzazi mmoja. Safari hii nilikiacha kikapu, nikarudisha nyuma dakika tatu. Timu yake ilikuwa inaongoza kwa pointi sita. Akapoteza mpira akilazimisha kupita katikati ya watu watatu. Mara ya pili akabaki anabishana na refa huku mtu wake anakwenda kufunga leyapu, kikapu cha karibu kabisa na ringi, peke yake. Kisha akarusha tatu ya haraka wakati saa ya mashambulizi, ile inayohesabu muda wa timu kurusha, bado ina sekunde 17, mpira ukagonga ringi na kutoka. Shimo aliloliruka kwa shangwe alilichimba yeye mwenyewe, na mimi nilikuwepo, macho kodo, sikuliona.

Kwa hiyo wewe uliyekabidhiwa daftari juzi na kuambiwa ukatafute vijana, anzia hapo nilipojikwaa mimi.

Kwanza, amua unapima nini kabla hujafika uwanjani. Mechi ikishapamba moto utajikuta unashangilia kama wengine. NBA, ligi kuu ya Marekani, wana kipimo chao: dakika 5 za mwisho za robo ya nne, au muda wa nyongeza, timu zikiwa zimeachana kwa pointi 5 au pungufu. Tangu msimu wa 2022-23 kuna na tuzo kabisa kwa mchezaji bora wa muda huo, kombe lake limepewa jina la Jerry West, na De'Aaron Fox wa Sacramento Kings ndiye aliyelichukua kwanza. Robo zao ni dakika 12. Sisi tunaocheza kwa sheria za FIBA, shirikisho la dunia, robo ni dakika 10, na mashindano ya vijana mara nyingi hupunguza tena, kwa hiyo mimi nachukua dakika 4. Ukichukua 3 sikugombezi, mradi kila mechi upime kwa kibaba kilekile.

Ukishafanya hivyo utagundua jambo moja linalokera: hakuna cha kutosha cha kuhesabu. Kijana anaweza kucheza msimu mzima akapata mechi sita au saba za kubana, na kila moja akarusha mara moja au mbili. Hapo ndipo tunapodanganyika. Chukua kijana ambaye kwa kawaida anafunga mitupo huru, ile ya adhabu isiyozuiwa na mtu, 7 kati ya 10. Mpe mitupo miwili. Kwa hesabu tupu, mara 9 kati ya 100 atakosa yote miwili, bila moyo wake kwenda mbio hata kidogo. Mrushaji mzuri tu wa asilimia 40 atakosa mirusho minne mfululizo mara 13 kati ya 100. Ukiwa na vijana kumi wa aina hiyo kwenye daftari, usishangae mmoja wao akikosa minne yote mbele ya macho yako. Na huyo ndiye watu watakayemwita mwoga. Kumbuka pia kwamba dakika hizo ulinzi hukazwa, marefa humeza filimbi, na kila mtu anajua mpira unakwenda kwa nani, hivyo hata wakubwa wanafunga kidogo kuliko kawaida yao.

Sikatai, kikapu cha mwisho kina utamu wake. Februari 2021, Yaoundé, Tylor Ongwae alipoifungia Kenya kikapu cha kuimaliza Angola 74-73, wakati huo mabingwa mara 11 wa Afrika, nilipiga ukelele hadi jirani akagonga ukuta. Kenya ikaenda AfroBasket, mashindano ya ubingwa wa Afrika, kwa mara ya kwanza tangu 1993. Lakini ili kikapu kile kiwe na maana, ilibidi kwanza watu wawe wameng'ang'ana na Angola mpaka pumzi ya mwisho. Kazi yako ni kuwaona hao wa kung'ang'ana. Mfungaji hata muuza karanga atakutajia.

Sasa twende kwa vijana wenyewe, maana hapa ndipo pana utajiri.

Mei 1997, Salt Lake City, mchezo wa tano kati ya Lakers na Utah Jazz. Kobe Bryant wa Lakers ana miaka 18, mwaka mmoja tu umepita tangu amalize sekondari. Mwenzake Shaquille O'Neal ametolewa kwa fauli, mpira unaangukia mikononi mwa mtoto. Mwishoni mwa robo ya nne na ndani ya muda wa nyongeza, Kobe alirusha mipira minne ambayo haikugusa hata ringi. Minne! Jazz 98, Lakers 93, msimu umeisha.

Ungekuwa na daftari usiku ule, ungeandika nini? Wengi wangeandika "presha imemshinda." Ila ukitazama mipira ile, ilinyooka. Ilikuwa mifupi tu. Mwenyewe alikuja kueleza hivyohivyo baadaye: miguu yake ilikuwa haijazoea msimu mrefu namna ile, akaenda kujijenga. Tangu nilipoelewa hilo nimekuwa natazama mpira unakosea upande gani. Mpira mfupi ulionyooka mara nyingi ni miguu, na miguu inatibika kwa mazoezi na chakula. Mpira unaokwenda kombo wakati asubuhi kijana huyohuyo alikuwa anatupia katikati, huo naufuatilia. Na woga wenyewe, kwa uzoefu wangu, hauonekani kwenye mrusho hata kidogo. Unauona kabla yake: kijana anajificha nyuma ya beki ili asipewe pasi, au akipewa anaitoa haraka kama amepewa kaa la moto, bila hata kutazama ringi.

Usichanganye hilo na pasi ya busara. Mwezi mmoja tu baada ya usiku wa Kobe, Jazz walewale walikuwa Chicago, mchezo wa sita wa fainali, 86-86. Uwanja mzima unajua mpira ni wa Michael Jordan. John Stockton wa Jazz akamwacha mtu wake akaenda kusaidia kumbana, Jordan akampa mwenzake Steve Kerr aliyebaki wazi, Kerr akafunga zikiwa zimebaki sekunde 5. Kerr angekosa, pasi ile ingekuwa sahihi vilevile. Kwa hiyo kijana wako akibanwa na wawili akampasia mwenzake aliye wazi, na mwenzake akakosa, mwekee alama nzuri. Usisubiri mpira utue ndipo uamue. Mimi nina ujanja wa kitoto: mpira ukiwa hewani, natazama chini na kuandika "sawa" au "si sawa". Nikiinua kichwa, matokeo hayawezi tena kuniharibia mwandiko.

Jambo jingine ni akili ya hali, yaani kujua mchezo umefika wapi. Aprili 1993, New Orleans, fainali ya vyuo vya Marekani, Michigan iko nyuma kwa pointi mbili dhidi ya North Carolina, sekunde 11. Chris Webber, mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyekuwa na pointi 23 na rebaundi 11 (mipira iliyokosa aliyoidaka), akabanwa konani mbele ya benchi lake mwenyewe, akaomba taimauti, yale mapumziko mafupi ya timu. Michigan haikuwa na taimauti hata moja. Fauli ya kiufundi, mpira kwa wapinzani, ikaisha 77-71. Mkono haukumtetemeka. Alikosa habari moja tu, na kama benchi lilipaswa kumkumbusha ni mjadala mwingine.

Habari hizo zinapimika kirahisi. Kwa sheria za FIBA, kipindi cha pili timu ina taimauti tatu, na dakika mbili za mwisho hairuhusiwi kutumia zaidi ya mbili. Fauli za timu zikifika nne katika robo, inayofuata inampa mpinzani mitupo huru miwili. Mazoezini napiga filimbi katikati ya mchezo, nafunika ubao kwa jaketi, namwuliza yeyote: tuko ngapi kwa ngapi, wana fauli ngapi, tumebakiza taimauti ngapi? Wengi wanageuza shingo kutafuta ubao. Wachache wanajibu huku wanajifuta jasho. Kijana anayeniambia "muulize kapteni" amenijibu pia.

Neno moja kuhusu kalamu yako. Unaandika juu ya watoto. Nick Anderson wa Orlando Magic, mchezo wa kwanza wa fainali za 1995, alikosa mitupo huru minne mfululizo sekunde za mwisho, timu yake ikiongoza kwa tatu. Kenny Smith wa Houston akasawazisha kwa tatu, Magic wakafungwa 120-118 muda wa nyongeza. Kabla ya hapo Anderson alikuwa mtupaji wa kawaida, wa kama 7 kati ya 10. Msimu wa 1996-97 alishuka mpaka 4 hivi kati ya 10. Hiyo ilikuwa fainali mbele ya dunia nzima, lakini mtoto wa kitaa naye ana dunia yake: shule, mtaa, kundi la WhatsApp. Ripoti huvuja, usijidanganye. Usiandike "mwoga", wala "ana roho ya simba". Andika ulichokiona: "Dakika ya 38, nyuma kwa 1, alibanwa kushoto, hakumwona namba 7 aliye wazi, akalazimisha." Kocha atajua la kufanya na sentensi hiyo. Na simba wako hana pa kumweka.

Tazama pia sekunde kumi baada ya kosa. Mimi nikiambiwa nichague kitu kimoja tu cha kutazama, ndicho hicho. Amepoteza mpira: anakimbia kurudi kulinda, au anainua mikono kwa refa? Anamtazama nani usoni? Yule wa kwangu wa mistari miwili alikuwa bingwa wa kuinua mikono.

Mwaka jana nilikwenda kumtazama mchezaji mmoja kwenye mechi ya wasichana chini ya miaka 18, namba 9, mfungaji hodari, nilisifiwa tangu mjini. Uwanja hauna ubao wa umeme, karani anageuza vibao vya namba kwa mkono. Sekunde kama 14 zimebaki, timu ya namba 9 inaongoza kwa moja, mpira ni wa wapinzani. Nikaona msichana mwingine, mwembamba, soksi moja imeshuka, anapita kwa makusudi karibu na meza, anachungulia karatasi ya karani. Akarudi kwa wenzake ameinua vidole vinne, anawagusa mmoja mmoja begani: "Nne, nne, hakuna kugusa." Wakalinda mikono juu. Mpinzani akarusha, mpira ukagonga ringi, na yule mwembamba akawa amemweka mgongoni dada aliyemzidi kichwa kizima, amemsukumia nje kwa kiuno. Mpira ukamwangukia namba 9. Mechi ikaisha.

Kwenye karatasi ya takwimu, robo ile, mbele ya jina la mwembamba: sifuri ya pointi, sifuri ya rebaundi, sifuri ya pasi. Nikamfuata alipokuwa anavua viatu, nikamwamkua mama yake kwanza, kisha nikamwuliza binti jina lake. Akanitajia, halafu akaniuliza kwa adabu kama nimeshaongea na namba 9, maana yuko kule kwenye bomba, na asipowahiwa ataondoka na daladala ya saa kumi na mbili.