"Kiti mpya" imetoka wapi?

SWALI: Natengeneza tovuti ya madalali wa vitu vya ndani hapa Sinza, Dar es Salaam, kwa WordPress. Nimeweka uga maalumu (sehemu ya kujaza taarifa) wa "hali". Dalali anachagua "mpya" au "iliyotumika", na kiolezo kinabandika neno hilo baada ya jina la kitu. Nilipojaribu kwa meza na friji, mambo yalikwenda vizuri. Sasa naona "Kiti mpya", "Kabati mpya", "Magodoro iliyotumika". Nirekebishe nini?

JIBU: Meza na friji zilikudanganya, ndugu yangu. Zote ni za ngeli ya I-ZI, ambako -pya huwa "mpya", umoja hata wingi. Ungeanza na kiti ungeshtuka mapema: kiti kipya, viti vipya, kabati jipya, magodoro mapya. Uga unahifadhi neno moja lililoganda, na get_post_meta, kitendaji cha WordPress kinachosoma uga huo, inalirudisha vilevile lilivyo. Haijui ngeli, wala si kazi yake.

Usimbebeshe dalali mzigo wa sarufi. Ana wateja wa kuhangaika nao. Toa neno hilo kwenye kichwa cha tangazo, liwe na mstari wake chini: "Hali: mpya". Hapo "mpya" inafuata "hali", haifuati kiti, kwa hiyo ni sahihi hata tangazo likiwa la makochi. "Rangi: nyeusi" nayo ni hivyo hivyo. Ila "Hali: iliyotumika" siipendi, maana kilichotumika ni kiti, si hali. Weka "mtumba": ni nomino, haifuati ngeli ya kitu, na kila mtu mjini anaielewa.

Ukitaka sentensi kamili, tumia nomino moja inayobeba vyote: "Bidhaa hii ni mpya", "Bidhaa hii inauzwa". Inanukia duka kidogo, lakini haikosei.

Siku ukiongeza matangazo ya nyumba, idadi iandikwe kwa tarakimu: "Idadi ya vyumba: 3". Kwa maneno utahitaji vyumba vitatu lakini milango mitatu, ilhali sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Kitendaji _n cha WordPress kitakuchagulia umoja au wingi tu. Ngeli utabaki nayo mwenyewe.

Tena, uga ukiachwa wazi, get_post_meta yenye "true" mwishoni hurudisha mtungo mtupu, yaani maandishi yasiyo na herufi hata moja. Kagua kwanza kama kuna kitu ndipo uchapishe lebo, la sivyo mteja ataona "Hali:" halafu kimya.