Kusimamia pensheni ya baba: kadi, daftari na maneno ya ndugu

Wiki iliyopita dada mmoja aliniandikia usiku wa manane. Mama yake ni muuguzi mstaafu, anaishi peke yake, kadi yake ya benki iko kwa mkopeshaji, na siku hizi anasahau hata kama amekula. Akamalizia hivi: "Nichukue kila kitu nisimamie mimi, au nitaonekana namla mama yangu?" Nikaanza kumjibu kwa mistari mitatu. Ikawa kumi, ikawa ishirini. Nikaona bora niyamwage hapa, maana hilo swali lake la mwisho limeninyima usingizi na mimi miaka mitatu.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa hesabu shule ya msingi, Muheza, mkoani Tanga. Alistaafu 2011 kwa umri wa lazima, miaka 60, enzi za PSPF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, kabla mifuko haijaunganishwa 2018 tukapata PSSSF. Wa kundi lake walilipwa nusu ya mafao kwa mkupuo, siyo hiki kikokotoo kipya cha mafao tunachokilalamikia sisi. Mkupuo ulipaua nyumba, ukamalizia ada ya mdogo wetu wa mwisho, ukaisha. Ikabaki pensheni ya kila mwezi, 340,000. Mama akatutoka 2019. Mwaka 2021 baba akapata kiharusi upande wa kulia. Mguu ulirudi, mkono ukarudi kiasi. Kumbukumbu haikurudi yote.

Mimi niko Mbagala, Dar es Salaam. Kila mwezi nilikuwa namtumia elfu hamsini na kujiona mtoto mwema kuliko wote. Sikukuu ya Idi 2022 nikapanda basi pale Mbezi, nikafika nyumbani jioni, nikaingia jikoni kupika chai. Hakuna sukari. Hakuna unga. Kuna machungwa, kwa sababu Muheza machungwa hayakosekani.

"Baba, pensheni haijaingia?"

"Imeingia. Wamenipa yangu."

"Akina nani wamekupa?"

"Wale wa kule stendi."

Usiku ule nilijua yote. Baba alikopa milioni moja na nusu kwenye ofisi moja ya mikopo, ile tunayoiita kausha damu. Dhamana ilikuwa kadi yake ya benki na namba ya siri. Kila pensheni ikiingia, wao ndio wanaokwenda mashineni, wanakata 220,000, yeye anasubiri kwenye benchi apewe 120,000 yake. Mtu aliyefundisha nusu ya wilaya kugawanya na kuzidisha! Nikachukua kalamu: miezi 14 mara 220,000 ni milioni tatu na elfu themanini. Nilipowauliza kesho yake, wakaniambia bado anadaiwa laki tisa.

Sasa wewe unayesoma, kama kadi ya mzazi wako iko mkononi mwa mtu, usianze kwa mkopeshaji. Utaondoka umelia tu. Anza benki, na uende na mzazi mwenyewe. Baba aliingia na kitambulisho chake cha NIDA, akasema kwa mdomo wake kwamba kadi haiko kwake na namba ya siri inajulikana na watu. Kadi ikafungwa, akaombewa mpya, akachagua namba mpya ambayo hata mimi siku ile sikuiangalia. Ndipo tukaenda kule stendi, na mwenyekiti wa mtaa pembeni. Tukaomba mkataba. Karatasi moja, haina hata jedwali la marejesho. Tukaomba kuona leseni ya Benki Kuu, maana Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka mkopeshaji wa namna ile awe nayo. Sauti zikashuka ghafla. Tulimalizana kwa laki tatu, kwa awamu mbili, nikadai barua yenye mhuri kwamba mzee hadaiwi. Barua hiyo nimeitia kwenye plastiki. Nikifa wanizike nayo.

Hapo nikajiona shujaa, na hapo ndipo nilipoharibu.

Wiki mbili baadaye baba alipokea ule ujumbe ambao Mtanzania gani hajaupata: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Akatuma. Elfu themanini. Alidhani ni mimi, kwa kuwa nilikuwa nimemwambia tutalipa fundi wa bomba. Namba ya tapeli niliituma kwenda 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kama inavyoelekezwa, pesa haikurudi, na mimi nikapandwa na hasira. Nikarudi Muheza nikachukua kadi mpya. Nikachukua na laini yake yenye pesa, nikamwachia simu ya tochi yenye laini nyingine. Nikapanga kila kitu: duka la jirani litampa mahitaji kwa orodha, nitalipa mwisho wa mwezi. Dawa nitanunua mimi. Msichana wa kumsaidia nitamlipa mimi. Mzee asiguse shilingi, basi atakuwa salama.

Alikuwa salama, kweli. Alikula, alivaa, presha ilishuka. Miezi mitano sikuona kasoro.

Kisha akafariki rafiki yake, mwalimu mwenzake waliyeanza kazi pamoja. Pale msibani daftari la michango likapita kwenye mkeka, kama kawaida. Likamfikia baba. Akapapasa mfuko wa kanzu. Akapapasa na wa pili. Akampa daftari aliyekaa kando yake bila kuandika kitu, akainuka, akasema anakwenda kutawadha. Hakurudi mkekani. Shangazi ndiye aliyenisimulia, na alinisimulia kwa ukali: "Baba yako kazika rafiki yake mikono mitupu, na pensheni anayo. Wewe umemfanya nini?"

Nilikuwa ofisini. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi.

Kwa hiyo dada uliyeniandikia, na wengine wote, shikeni hili hata kama mengine mtayaacha: usimwache mzee mfuko mtupu. Mlinde na mafungu makubwa, ndogondogo mwachie. Sisi sasa baba anapata elfu kumi kila Ijumaa asubuhi, noti za elfu mbili mbili na elfu moja moja, mkononi mwake. Anatoa sadaka, ananunua kahawa, anampa mjukuu wa jirani mia tano. Zikipotea, zimepotea. Akitapeliwa, katapeliwa elfu kumi. Ni pesa yake! Aliifanyia kazi miaka na miaka, chaki ikimwingia puani, halafu mimi niliyesomeshwa kwa chaki hiyohiyo nimpangie hata ya kahawa?

Turudi kwa ndugu, maana najua mnaposubiri ni hapo.

Tuko watano. Kadi ilipokuwa kwa mkopeshaji hakuna aliyeuliza pensheni inakwenda wapi. Kadi ilipofika kwangu, wote wakawa wahasibu. Kwenye kundi letu la WhatsApp kaka mmoja akaandika, "Kuna watu wamepata mshahara wa pili." Hakutaja jina. Alikuwa na haja gani ya kutaja? Mwezi ule niliongeza 70,000 yangu kwa ajili ya dawa, na bado nikasomwa hivyo mbele ya mawifi na mashemeji. Yaliniuma. Yananiuma mpaka sasa ninapoandika, na sitajifanya nimesamehe kwa sababu naandika makala ya ushauri.

Tena sijasema la ndani. Ule mkopo wa milioni moja na nusu, baba hakuula. Alimkopea mtoto wake pikipiki ya bodaboda. Nani? Huyohuyo aliyeandika habari za mshahara wa pili. Baba alinificha mwaka mzima ili nisimchukie ndugu yangu. Siku aliponiambia alikuwa ananiangalia kama mtoto aliyevunja glasi.

Ningeweza kulimwaga hilo kundini. Vidole vilikuwa vimeshaanza kuandika. Badala yake nilikwenda dukani nikanunua daftari la kurasa 96, nikachora mistari: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, baki. Risiti nabandika kwa gundi. Isipokuwepo risiti, kama ya bodaboda wa kumpeleka kliniki, naandika na anayemsaidia anatia sahihi. Kila mwisho wa mwezi napiga picha ukurasa, naurusha kundini bila neno, na kando yake taarifa ya benki. Mwezi wa kwanza waliuliza maswali kumi na moja. Wa pili manne. Wa nne hakuna aliyeuliza. Mwezi wa tano yule kaka akatuma elfu ishirini "ya mafuta ya taa", na nyumba ina umeme. Nikaiandika kama alivyoiita.

Anza na daftari kabla hujatuhumiwa. Ukianza baada ya kutuhumiwa, linakuwa utetezi. Na pesa ya mzazi isikae kwenye akaunti yako hata siku moja, hata kama ni rahisi, hata kama unajiamini. Hasa kama unajiamini.

Habari za sheria nitazipitia haraka. Kama mzazi bado ana akili zake, nendeni kwa wakili mkaandike hati ya uwakilishi, wengine wanaiita nguvu ya kisheria, na muombe itaje mambo kwa jina: benki, mfuko wa pensheni, matibabu. Msichelewe. Kwa Sheria ya Mikataba uwakilishi unakoma aliyekupa uwakilishi akipoteza utimamu wa akili, kwa hiyo hati siyo ya milele. Hali ikifika huko, njia ni mahakamani kuomba usimamizi wa mali yake, na huko kuna vyeti vya daktari na gharama. Sisi tuliandika hati 2023, baba akasoma kila mstari, akamsahihisha wakili nukta mbili.

Uhakiki wa wastaafu, ule wa kuthibitisha kwamba mstaafu yu hai, nao msiusahau. Asiyejihakiki pensheni yake inasimama, na ya baba ilisimama mara moja kwa uzembe wangu mwenyewe. Siku hizi mstaafu anaweza kujihakiki kwa simu janja kupitia PSSSF Kiganjani, lakini kaa naye, ifanye siku ambayo ameamka vizuri, si siku unayowahi basi. Kadi yake ya bima ya afya ya NHIF pia iangalie. Mstaafu aliyekuwa mwanachama wa mfuko anaendelea kutibiwa, na mimi nilikuwa nalipia taslimu vipimo ambavyo bima ingevibeba. Sijawaambia ndugu zangu hilo. Wanasoma hapa, sasa wamejua.

Na ninyi mnaotuma elfu hamsini kama nilivyokuwa natuma mimi, nendeni. Pesa ya simu haifungui kabati la jikoni. Haioni kwamba mzee amevaa viatu viwili tofauti. Msijifiche nyuma ya muamala mkasema mmetimiza wajibu, wakati mzazi anakaa kwenye benchi la mtu akisubiri kupewa pesa yake mwenyewe.

Jumamosi iliyopita nilikuwa Muheza. Baba ameamka vizuri. Akaomba daftari. Huwa namwonyesha kila nikienda, siku nyingine anaangalia tu picha za risiti, siku nyingine haelewi ni la nini. Safari hii akavaa miwani, akanituma nikamletee kalamu nyekundu iliyoko kwenye droo ya chini. Sikujua kama bado ipo, wala kama inaandika. Inaandika. Akashuka na mstari mmoja mmoja, midomo ikicheza. Ukurasa wa tarehe 12 akasimama, akazungusha duara kwenye baki: nilikuwa nimejumlisha vibaya, shilingi mia tano zimepungua.

Akaandika pembeni, kwa mkono ule unaotetemeka, "Rudia." Kisha akanyoosha kiganja, nikampa mia tano yake.