Mafuta ya damu yanatoka wapi?

SWALI: Shikamoo daktari. Tangu Pasaka sijagusa kitimoto, ila mafuta ya damu bado yako juu. Yanatoka wapi? – Mama muuza ndizi, Kiboriloni, Moshi

JIBU: Marahaba, mama. Ini lako ndilo linayatengeneza, hasa ukizidisha sukari na pombe (mbege nayo ni pombe, usinichekee). Mafuta hayachanganyiki na damu, lazima yafungwe kama mikungu yako ya kwenda Mbuyuni. Kamba ni protini moja ndefu, apoB-100, yenye asidi amino (vipande vidogo vinavyounda protini) 4,536. Ikiwa bado inasukwa ndani ya seli ya ini, mpakiaji aitwaye MTP (naye ni protini) huanza kuibebesha mafuta. Ikikosa mzigo, huvunjwavunjwa humo humo. Iliyojaa husukumwa nje, kwenye damu. Vile vijiko vinne vya sukari kwenye chai, hebu anza navyo.