Kuhusu Mauser 71/84 uliyoiona dukani Ohio

Ndugu, kwa kuwa umeuliza kama bunduki hiyo ya kijeshi ya Kijerumani ya miaka ya 1880 ni halisi na kama inafaa kupigwa, mwombe kwanza mwenye duka aitoe boliti (chuma cha kusukuma na kuvuta kinachofunga nyuma ya mtutu), kisha ulinganishe namba zilizochongwa kwenye boliti, mtutu na vyuma vya kitako, kwani zikiwa tofauti thamani yake hushuka sana. Maandishi "Mod. 71/84" hukaa ubavuni kushoto, kwenye chuma kilicho nyuma ya mtutu. Mbao iliyopigwa msasa ikang'aa ningeiogopa kuliko kutu kidogo, kwani msasa huondoa uhalisi wake.

Sheria ya Marekani ya 1968 huihesabu silaha iliyotengenezwa 1898 au kabla yake kuwa ya kale, hivyo taratibu za shirikisho za ununuzi haziigusi, ingawa baadhi ya majimbo yana masharti yao.

Ukitaka kuipiga, ikaguliwe na fundi bunduki, na utumie baruti nyeusi (ile ya zamani yenye moshi mwingi) pekee. Risasi zake nane hupangwa mkia kwa kichwa ndani ya bomba lililo chini ya mtutu, kwa hiyo zisiwe na ncha kali, maana ncha inaweza kugonga kiwashio kilicho nyuma ya risasi iliyotangulia ikalipuka humo humo.