Kabla ya kuwasha jiko: kwa mnaoanza kuchunguza mimea-dawa

Wanafunzi wapya wa kemia ya mimea-dawa huja na haraka ileile: saga, chemsha, chuja, pima. Dondoo lisipoua kimelea, mmea unaandikwa "haufai" na safari inaishia hapo. Wadogo zangu, mara nyingi kilichofeli ni utayarishaji.

Chukueni artemisinini, ambayo leo ndiyo msingi wa dawa ya mseto. Mwaka 1967 China ilianzisha mradi wa siri, Mradi 523, kutafuta dawa mpya ya malaria kwa kuwa klorokwini ilikuwa inashindwa nguvu. Mtafiti Tu Youyou na wenzake huko Beijing walipekua maandishi ya tiba ya jadi. Dondoo la mmea uitwao qinghao liliwahi kuzuia vimelea kwa panya kwa asilimia 68, lakini waliporudia, matokeo yakaporomoka. Wengi wetu tungeuacha. Yeye akarudi kusoma maagizo ya Ge Hong, tabibu wa karne ya 4: konzi moja ya qinghao, iloweke majini, ikamue, unywe maji yake. Moto haukutajwa kabisa.

Basi akatumia etha, kiyeyushi kinachochemka kwenye nyuzi 35 hivi za Selsiasi. Kisha akaondoa sehemu yenye asidi, iliyokuwa na sumu na haitibu. Oktoba 4, 1971, sampuli namba 191 ilimaliza vimelea vyote kwa panya. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel.

Siri iko kwenye atomi mbili za oksijeni zilizoshikana ndani ya molekuli. Kimelea kinapomeng'enya himoglobini ya damu, chuma kinachotoka humo huvunja kiungo hicho, na vipande vyenye ukali vinavyozaliwa hushambulia protini za kimelea chenyewe. Kiungo hicho kikivunjika mapema, jikoni kwako, dawa imekwisha.

Kwa hiyo mkienda kwa mganga, msiishie kuuliza ni mti gani. Ni majani au mizizi? Mabichi au makavu? Yanachumwa msimu gani? Yanalowekwa kwa maji baridi, yanachemshwa, au yanatiwa kwenye mafuta? Mgonjwa anakunywa kiasi gani, kwa siku ngapi? Andikeni hata lile mnaloliona la kipuuzi. Na makubaliano ya ruhusa na mgawo wa faida yafanyike kabla ya kalamu kutoka mfukoni. Ujuzi huo una mwenyewe.

Jina nalo lina mitego. Qinghao iliyokuwa ikiuzwa ilichanganya spishi zaidi ya moja, lakini artemisinini ya kutosha ilipatikana kwenye Artemisia annua, tena kwenye majani. Artemisia afra, pakanga ya milimani kwetu, ni ndugu yake na ina harufu kali, ila artemisinini haina, au ina chembe tu. Kausheni tawi lenye maua, lipelekeni hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, lipewe namba.

Kuua vimelea kwenye kisahani kusiwalevye. Hata jiki inaviua. Pimeni seli za binadamu sambamba, siku hiyohiyo, muone kama dondoo linaziua nazo.

Halafu, wakishajua mnasoma nini, majirani watawauliza kuhusu chai ya artemisia. Msijibu kishabiki. Kiwango cha dawa kwenye majani hubadilika kwa mbegu, shamba na msimu, nayo haiyeyuki vizuri majini. Mwilini hukaa saa chache tu, ndiyo maana kwenye mseto imeunganishwa na lumefantrini inayodumu zaidi. Dozi ndogo ndogo huacha vimelea hai, na tayari vile vyenye mabadiliko ya jeni ya K13, vinavyochelewa kufa kwa artemisinini, vimeonekana Rwanda, Uganda na mkoani Kagera. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba haliungi mkono matumizi ya majani hayo kutibu au kukinga malaria. Jirani mwenye homa mwambieni akapime kwanza. Akikutwa na malaria na akapewa mseto huo wenye lumefantrini, ameze dozi zote sita kwa siku tatu, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo ili lumefantrini ifyonzwe vizuri.